Ukuta wa chokaa, ukuta wa saruji: kinachookolewa nyumba ya Lamu inapobomolewa

Kazi yangu ni ukarabati wa nyumba za mawe katika Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mwenye nyumba anaponiita kuangalia ukuta unaotakiwa kubomolewa, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni kama mawe yake yameshikwa kwa chokaa au kwa saruji, kwa kuwa hilo ndilo linaloamua iwapo tutapata vifaa vya kujengea tena au kifusi kitupu.

Chokaa iliyokauka ni laini kuliko jiwe la matumbawe, na fundi akiigonga kwa nyundo na patasi huachia kabla jiwe halijaumia. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, hivyo kinachopasuka ni jiwe. Isitoshe, plasta ya saruji huzuia unyevu usitoke ukutani, chumvi ikajikusanya nyuma yake, na mawe yaliyodumu vizazi kadhaa yakaanza kumomonyoka na kuwa unga. Kwa maoni yangu, anayepiga saruji juu ya ukuta wa chokaa ili kuokoa gharama za leo anamnyima mjukuu wake mawe.

Kubomoa huanzia juu. Tukishaondoa zege la chokaa na mawe ya dari, hubaki boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliofanya vyumba vya zamani viwe virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa kama mita tatu hivi. Boriti huoza kwanza pale ncha zake zinapoingia ukutani, kwa sababu ndiko unyevu ulikojificha, huku sehemu ya katikati ikiwa bado nzima. Fundi huigonga boriti kuanzia ncha moja hadi nyingine akisikiliza: penye uzima sauti huwa kavu na kali, penye mchwa au uozo hudidimia. Hapo hukatwa, na kipande kilichosalia hutumika kuezekea choo au ukumbi mwembamba, au huwa kizingiti juu ya mlango. Nimeona boriti za namna hii zikiuzwa kama kuni, na huo ni ufujaji hasa, maana mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mafundi wa hapa walitambua jinsi kazi yao inavyotegemea mikoko.

Mawe ya sehemu ya chini ya ukuta yasichanganywe na ya juu. Ya chini yamenyonya chumvi kutoka ardhini, na yakirudishwa ukutani papo hapo yatasukuma plasta mpya mpaka ianguke. Kwa hiyo huyapanga uani yapigwe na mvua za masika kabla ya kutumika. Ya juu hupanguswa tu yakarudi kazini. Katika mji ambao vichochoro vyake havipitishi lori na kila jiwe jipya huvuka maji kwa chombo kisha hubebwa na punda, jiwe lililokwisha kuwa uani lina thamani kuliko watu wanavyodhani.

Chokaa yenyewe, ikishakauka, imenyonya kaboni dioksidi ya hewani na kurudi kuwa jiwe, kwa hiyo haiwezi kushika tena. Hata hivyo, ikipondwa na kuchekechwa hufaa kuchanganywa na chokaa mpya mahali pa sehemu ya mchanga. Faida yake si ndogo, kwani vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya kisiwa na havifai kuchimbwa kwa ajili ya plasta.

Milango ya kuchonga ni habari nyingine. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1946, kwa hiyo hazihesabiwi kuwa mabaki ya ujenzi hata nyumba ikiwa imeanguka. Mimi hushauri mlango utengenezwe ukiwa papo hapo kwenye fremu yake.

Vipande vya saruji hutumika kujazia chini ya sakafu, mbali na msingi wa kuta za chokaa. Mabati ya asbesto hatuyatoboi wala hatuyavunji. Huondolewa mazima yakiwa yamelowanishwa, na hayarudi kwenye paa lolote.