KB haijafa, jamani: dhana potofu kuhusu FC København

Juzi nimepewa pole tena kwa msiba ambao haukutokea. Mzee mmoja, mgeni wangu, alisimama nje ya uwanja wa Parken amevaa jezi nyeupe mpya kabisa, akatikisa kichwa: "Mwanangu, kumbe hawa FCK waliua timu mbili ili wao wazaliwe." FCK ndiyo FC København, wenyeji wa Parken, na timu mbili alizozililia ni KB na B 1903, klabu kongwe za hapa. Natembeza wageni wa soka hapa Copenhagen, na kauli hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko swali la choo kiko wapi. Sasa naiandika, mgeni ajaye nimpe asome tukiwa kwenye treni.

Dhana: KB na B 1903 zilikufa mwaka 1992

Hazikufa. Zote mbili zipo, zina wanachama, zina timu za watoto na za watu wazima, na jina la kila moja bado limeandikwa kwenye geti lake.

FC København ilizaliwa tarehe 1 Julai 1992, siku tano tu baada ya Denmark kuifunga Ujerumani na kutwaa ubingwa wa Ulaya. Waliokubaliana kuianzisha walikuwa Kjøbenhavns Boldklub, yaani KB, ya mwaka 1876, na Boldklubben 1903, ambayo mwaka wake wa kuzaliwa umo kwenye jina. Kilichounganishwa ni soka la kulipwa: kikosi cha kwanza, nafasi yake kwenye ligi na biashara inayokizunguka. Soka la ridhaa lilibaki kwa wenyewe. Ndiyo maana Wadenmark huziita klabu mama. Sasa nani amewahi kusikia mama amekufa kwa sababu tu mtoto wake kapata kazi mjini?

Watu hukwama kwenye neno "kuungana". Kichwani wanawaza maji na maziwa: ukishachanganya, huwezi kuvitenganisha tena. Huu muungano haukuwa hivyo. Ni kama ndugu wawili, kila mmoja ana shamba lake, wanaoamua kununua lori moja la kupeleka mazao sokoni. Lori lina jina jipya na rangi mpya. Mashamba yako palepale.

Na sababu za kulinunua hilo lori zilikuwa nzito. KB, yenye mataji 15 ya Denmark, ilikuwa imechukua la mwisho mwaka 1980 na kufikia 1992 haikuwa tena ligi kuu. B 1903 yenyewe ilikuwa inacheza vizuri mno. Oktoba 1991 iliipiga Bayern München mabao 6-2 kwenye Kombe la UEFA, ikafika robo fainali, na kwenye ligi ya 1991/92 ikamaliza ya pili nyuma ya Lyngby. Lakini mashabiki hawakujaa uwanjani. Unaipiga Bayern sita, halafu wiki inayofuata unacheza mbele ya viti vitupu. Wakati huohuo Brøndby, pale pembezoni mwa mji, ilikuwa imebeba ubingwa mara tano kati ya 1985 na 1991, na uwanja mpya wa Parken ulikuwa unajengwa katikati ya mji na ungehitaji timu ya kuujaza. Mji mkuu mzima haukuwa na timu moja kubwa ya kuupigania. Hapo ndipo wakubwa wa KB na B 1903 walipokaa meza moja.

Mtu akinibishia, simpelekei makaratasi. Nampeleka Peter Bangs Vej, Frederiksberg, kwenye viwanja vya KB. FCK nao wanafanyia mazoezi hukohuko. Utaona watoto wa KB wakikimbizana na mpira jirani na mahali wanapofanyia mazoezi nyota wa Ligi ya Mabingwa. Ushauri wangu, na nautoa kwa kila mgeni hata asiyeuliza: punguza nusu saa ya kupiga picha mbele ya Parken, nenda Frederiksberg. Parken ni zege. Kule ndiko klabu ilikotoka. B 1903 yeye yuko kaskazini, Gentofte, na huko wageni hawaendi kabisa, jambo linaloniudhi kidogo.

Dhana: FCK ina mataji 38

Hii ni binti wa ile ya kwanza. Mtu anachukua 15 za KB, 7 za B 1903 na 16 za FCK, anajumlisha, anakuja kwangu na jumla yake kama aliyegundua dhahabu. Hesabu ni sahihi, ila hakuna klabu yenye mataji hayo. Kama klabu mama zipo hai, mataji yao ni yao. FCK wanahesabu yaliyopatikana kuanzia 1992: ubingwa wa kwanza 1993, na ule wa msimu wa 2024/25 ulikuwa wa 16. Tena inawatosha, hawahitaji kuazima.

Dhana: Brøndby ni klabu asilia, FCK ni ya plastiki, yaani ya kutengenezwa

Huu ni utani wa jadi wa hapa, na mashabiki wa Brøndby wana haki ya kutania. Tatizo ni mgeni anayeumeza utani kama historia. Brøndby IF ilianzishwa Desemba 1964 kwa kuunganisha klabu mbili za vijiji jirani, Brøndbyøster na Brøndbyvester. Kwa hiyo derby ya Copenhagen ni zao la muungano mmoja dhidi ya zao la muungano mwingine. Midtjylland nayo ilitokana na Ikast na Herning Fremad mwaka 1999. Nordsjælland vilevile, mizizi yake ni klabu mbili za Farum zilizoungana 1991. Ukifuta klabu zote za muungano kwenye ligi ya Denmark utabaki na mabingwa wachache sana wa miaka ya karibuni.

Dhana: walizaliwa matajiri

Walizaliwa na matumaini. Ubingwa ulikuja msimu wa kwanza, halafu wakasubiri hadi 2001, chini ya kocha Roy Hodgson, kuupata tena. Fedha zilibadilika baada ya mfanyabiashara Flemming Østergaard kuingia: klabu ikaorodheshwa soko la hisa 1997, na mwaka uliofuata kampuni ikainunua Parken. Ndiyo, kampuni yenye FCK ndiyo yenye uwanja. Siyo serikali, siyo chama cha soka, ingawa timu ya taifa huchezea hapo na kila mtu hudhani ni wao.

Dhana: Ulaya wanakwenda kushindwa tu

Waulize Manchester United. Walifungwa Parken 1-0 Novemba 2006, wakafungwa tena hapohapo 4-3 Novemba 2023. FCK walikuwa klabu ya kwanza ya Denmark kufika 16 bora ya Ligi ya Mabingwa, msimu wa 2010/11, wakafika tena 2023/24.

Dhana: Niels Bohr alikuwa kipa wao

Hapana. Mwanafizikia huyo na kaka... samahani, mdogo wake Harald, aliyepata medali ya fedha na timu ya taifa kwenye Olimpiki ya London 1908, walichezea Akademisk Boldklub. Hiyo ni AB, klabu nyingine kabisa, haimo kwenye muungano wa 1992 kwa namna yoyote ile. Nayo, kabla hujaniuliza, haijafa.