Kosa Ndani ya Wosia Halifutwi kwa Kalamu ya Mrithi

Matanga hayajavunjwa, karatasi ya marehemu imeshaanza kupita mikononi. Namba ya ploti ya Barani imepinduliwa. "Mwanangu Mohamed" kitambulishoni ni Muhammad. Hapo Malindi hii ndugu huanza kununiana, wengi wao kwa kushikilia mambo yasiyo sheria.

"Jina likikosewa, wosia wote umekufa."

Sivyo. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inasema kosa la jina au maelezo ya aliyeachiwa mali halimnyimi haki yake, mradi maneno ya wosia yanaonyesha wazi aliyekusudiwa. Korti husoma wosia mzima, haining'inii kwenye herufi moja. Kinachobaki ni kuthibitisha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, na kwa hilo cheti cha kuzaliwa na kiapo husaidia kuliko kelele za kikao cha ukoo.

"Basi tukate, tuandike sawasawa pembeni."

Nawaomba, msithubutu. Hata marehemu mwenyewe alipokuwa hai, kuandika juu ya mstari hakukuwa na nguvu bila ya sahihi yake na mashahidi wawili. Akishafariki, hakuna mwenye kalamu hiyo tena. Mwana anayeirekebisha karatasi ya babake kwa nia njema anaweza kujikuta akijibu shtaka la kughushi, na wosia uliokuwa mzima ukatiliwa shaka wote.

"Kifungu cha 74 kinatengeneza kila kosa."

Hili nalisikia hata kwa waliosoma. Kifungu hicho cha Sheria ya Urithi kinahusu hati ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na korti: jina lililokosewa, maelezo, wakati au mahali pa kifo. Hakigusi maneno ya marehemu, wala si mlango wa kumwingiza mrithi mpya au kupunguza fungu la mwingine. Ndiyo maana maombi mengi hukwama: mtu anasema "nasahihisha", kumbe anagawa upya.

"Alitutamkia sote, karatasi ya nini?"

Wosia wa mdomo upo, ila lazima wawepo mashahidi wawili au zaidi, na msemaji awe amefariki ndani ya miezi 3 tangu autamke.

Kwa Muislamu, mirathi yake hufuata sharia, na Kadhi husikiliza iwapo pande zote ni Waislamu na zimeridhia. Huko wosia hauzidi thuluthi, wala mrithi hausiwi ila wenzake wakubali. Kwa hiyo nyumba nzima iliyoandikiwa kitinda mimba haikuwa kosa la uandishi hata isahihishwe.

Na mjane aliyeachwa kando, ikiwa mirathi iko chini ya Sura ya 160, asipoteze muda akidai wosia "umekosewa". Kifungu cha 26 kinamruhusu kuiomba korti imtengee riziki katika mali ya mumewe, lakini lazima afike kabla korti haijaithibitisha hati ya usimamizi, na uthibitisho kwa kawaida huombwa miezi 6 baada ya hati kutolewa.