Nani Hupanga Bei ya Dawa? Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba katika nchi ambako dawa za kuandikiwa na daktari ni nafuu, serikali huketi na kupanga bei ya kila kidonge. Ukweli ni kwamba njia ni nyingi, na amri ya bei ni mojawapo tu. Nchini Uingereza, kwa mfano, taasisi ya NICE hupima manufaa ya dawa mpya dhidi ya gharama yake, kisha hueleza kama huduma ya afya ya taifa iinunue au la. Kampuni isiyoridhika haishurutishwi kushusha bei, bali hukosa mteja mkubwa kuliko wote nchini.

Mfano wa Afrika Kusini unafundisha zaidi, ingawa hutajwa mara chache. Tangu 2004, katika sekta binafsi, mtengenezaji au mwagizaji hutaja bei yake mwenyewe, lakini akishaitaja analazimika kumuuzia kila mnunuzi kwa bei hiyohiyo, awe mwenye duka dogo la dawa mjini Polokwane au kampuni yenye hospitali kadhaa. Bonasi na punguzo la kichinichini ni marufuku, nyongeza ya kila mwaka haivuki kiwango kinachotangazwa na Waziri wa Afya, na ada ya mfamasia ina kikomo. Wenye maduka ya dawa walipinga hadi Mahakama ya Katiba, ambayo mwaka 2005 iliitengua ada hiyo ili ipangwe upya, lakini ikauacha mfumo wenyewe usimame.

Wapo pia wanaodai kuwa Marekani haidhibiti bei kabisa. Dai hilo lilikuwa na msingi, kwani sheria ya 2003 iliizuia serikali kujadiliana na kampuni kuhusu dawa za wazee walio katika bima ya Medicare, ingawa idara ya askari wastaafu iliendelea kujadiliana kwa upande wake. Sheria ya 2022 iliondoa zuio hilo kwa baadhi ya dawa, na bei za dawa 10 za kwanza zilianza kutumika Januari 2026.

Dhana inayowapotosha hata wataalamu ni kwamba bei zilizotangazwa zinatosha kulinganisha nchi na nchi. Kwa kuwa serikali nyingi za Ulaya hutazama kwanza bei za majirani, kampuni huchelewa kupeleka dawa katika nchi zenye bei ya chini, au hutangaza bei kubwa hadharani na kutoa punguzo kwa siri. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zitangaze bei halisi zinazolipa. Uingereza, Ujerumani na Hungaria zilijitenga nalo.