CPA ya Nyumbani Haikupi Saini Ohio

Mhasibu mwenye CPA(K) ya Kenya au CPA(T) ya Tanzania, yaani cheti cha mhasibu aliyeidhinishwa, akihamia Columbus au Cincinnati jimboni Ohio, hushtuka kuona kwamba cheti kilichomfungulia milango Nairobi na Dar es Salaam hakimruhusu kutia saini ripoti ya ukaguzi wa hesabu. Marekani haina leseni moja ya taifa. Kila jimbo lina bodi yake, na hakuna makubaliano ya kutambuana na Kenya wala Tanzania kama yaliyopo na Kanada au Australia.

Wengi hukwama kwenye shahada. Kenya mtu humaliza mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, bila kukanyaga chuo kikuu. Ohio hilo halipiti. Hata hivyo sheria imelegezwa. Zamani zilitakiwa krediti 150 za masomo ya chuo, lakini tangu Januari 2026 shahada ya kwanza na miaka miwili ya kazi vinatosha, mradi umesoma masomo ya uhasibu na biashara yanayotakiwa. Mwenye uzamili hudaiwa mwaka mmoja tu. Shahada ya miaka mitatu, kama zilivyo nyingi za Tanzania, inaweza kuonekana pungufu, kwa hiyo peleka matokeo yako yatathminiwe kabla hujalipia mtihani wa CPA wa Marekani.

Mtihani una karatasi nne za saa nne nne, na kufaulu ni alama 75. Inayowaangusha wazoefu, kwa maoni yangu, ni ile ya taarifa za fedha. Sisi tumelelewa na IFRS, kanuni za kimataifa za taarifa za fedha: jengo likipanda thamani, kampuni inaweza kulithamini upya vitabuni. Kanuni za Marekani zinakataa. Jengo hubaki kwa gharama ya kulipata, ukitoa uchakavu. Kwenye bidhaa za ghalani mambo yanageuka. Kuhesabu kwamba zilizoingia mwisho ndizo zimeuzwa kwanza, IFRS inakataza, Wamarekani wanaruhusu. Mwenye miaka kumi kazini hujibu kwa mazoea, na alama zinakwenda.

Karatasi ya kodi ni ngeni, lakini angalau hapo hakuna mazoea ya kufuta.

Huku ukisoma, kazi zipo: kutunza vitabu, mishahara, uhasibu wa ndani wa kampuni. Hata kuwajazia watu ritani za kodi kwa malipo kunawezekana, ukishapata namba ya mtayarishaji kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Ila kwenye kadi yako ya biashara usiandike CPA, hata kama cheti cha nyumbani kimetundikwa ukutani. Ohio, kujitangaza hivyo bila kibali cha bodi ni kosa kisheria.