Kruševo: wengi wanaujua kwa mapinduzi tu, kuna mengine wanayakosea

Huu ni mji mdogo wa milimani Masedonia Kaskazini, uko kama mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Mapinduzi yenyewe ni uasi wa Agosti 1903 dhidi ya Waosmani, dola ya Kituruki iliyotawala hapo, na waasi wakatangaza jamhuri yao mjini.

Dhana: zile nyumba zake ni za kale sana, hazijaguswa.
Ukweli: Agosti hiyo hiyo ya 1903 jeshi la Waosmani liliupiga mji mizinga na kuuchoma ili kuzima uasi, kwa hiyo nyingi unazopiga nazo picha zilijengwa baada ya moto ule.

Dhana: ile jamhuri ilikuwa mchezo tu, si ilidumu siku kama kumi.
Ukweli: sawa ilikuwa fupi, ila wakati sehemu kubwa ya Balkani (kusini-mashariki mwa Ulaya) iko chini ya sultani wa Waosmani, mwalimu mmoja, Nikola Karev, akawa rais, na baraza likachanganya jamii tofauti za mji. Mpaka leo tarehe 2 Agosti ni sikukuu ya taifa.

Dhana: wenyeji wote ni Waslavi.
Ukweli: hapana, kuna Wavlachi, watu wenye lugha inayokaribiana na Kiromania, wengi mababu zao walikimbia mji wa Moscopole (upo Albania ya sasa) ulipoharibiwa karne ya 18, wakaja na biashara na ufundi wao na ndio wakaukuza mji, na lugha yao hapo Kruševo ni rasmi kabisa kwenye manispaa.

Dhana: urithi wenyewe unatosha kuwalisha.
Ukweli: hapa ndo watu wanajidanganya. Mnara wa Makedonium, wa kukumbuka uasi ule, upo tangu 1974, nyumba ya kumbukumbu ya mwanamuziki Toše Proeski aliyekulia hapo na kufa ajalini 2007 ipo pia, lakini vyote viwili unavimaliza asubuhi moja halafu unawasha gari unaondoka, yaani hela uliyoacha ni ya tiketi na kahawa. Wanaolala ni warukaji wa paraglaidi (mwavuli wa kuelea angani), maana tambarare ya Pelagonia pale chini ikipata joto hewa inapanda na wanaruka kilomita nyingi, mwaka 2019 mashindano ya dunia ya paraglaidi yalifanyika huko huko, na mashindano ya hivyo ni siku nyingi za kulala, kula na kusubiri hali ya hewa. Mimi ningekuwa meya hela ningeweka kwenye vitanda kabla ya kuongeza sanamu nyingine.

Dhana: basi utalii umewabakiza vijana.
Ukweli: sensa ya 2002 manispaa ilikuwa na watu 9,684, ya 2021 wakabaki 8,385. Vijijini kuna tumbaku, kazi ya kuamka alfajiri kuchuma jani moja moja, na kijana mwenye njia ya kwenda Ujerumani haisubiri.