Redio ya gari la zamani: FM inapiga kelele, Bluetooth inanong'ona

Redio ya zamani iliyowekewa saketi mpya ya Bluetooth hujulikana ubora wake pale unapohama kutoka FM kwenda simu. Sauti ikiruka au ikizama, vyanzo (FM na simu) havijalinganishwa viwango, na hapo dhana nyingi potofu huanza.

"Si kifundo cha sauti kipo?" Kipo, lakini pale ambapo hatua ya kwanza ya kukuza sauti inatangulia kifundo, chanzo chenye nguvu kupita kiasi hukatwa vilele vya mawimbi kabla ya kufika hapo. Ukipunguza, unapata mkwaruzo uleule kwa sauti ndogo. Isitoshe, dereva anayehangaika na kifundo kila akibadili chanzo ameacha kutazama barabara.

"Chanzo kinyonge ndicho kiongezwe." Kosa hili naliona mara nyingi kuliko yote. Ukikikuza, unakuza pia mvumo wake. Ni heri kushusha kilicho juu, na rezista mbili (vipande vidogo vinavyozuia mkondo wa umeme, ukinzani wake ukipimwa kwa omu) zinatosha: moja iingie katika njia ya sauti, ya pili itoke pale zinapokutana hadi waya wa ardhi wa sauti. Zote zikiwa za kilo-omu 10, volti hubaki nusu, yaani desibeli (kipimo cha kiwango cha sauti) 6 chini. Ya kwanza ikiwa kilo-omu 9 na ya pili 1, hubaki sehemu moja ya kumi, desibeli 20 chini. Hesabu hizi hushika pale saketi inayopokea ina ukinzani mkubwa mara nyingi kuliko rezista zenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo, usishushe sauti kwenye simu. Mvumo wa saketi ya Bluetooth haupungui pamoja na muziki. Acha simu iwe karibu na mwisho, kisha punguza ndani ya redio.

"Mita ya volti ikisoma sawa kwa vyanzo vyote, kazi imekwisha." Mita ni mwanzo tu. Stesheni nyingi za FM hubana sauti ili minong'ono na vishindo vikaribiane, kwa hiyo kwa kilele kilekile FM husikika kubwa zaidi. Malizia kwa sikio, ukilinganisha usemi na usemi, muziki na muziki, injini ikiwa imezimwa na kisha ikiwaka. Kumbuka pia kwamba volti zikiwa maradufu sikio halisikii maradufu. Kwa hilo huhitaji takriban desibeli 10.

"Kushoto na kulia, unganisha tu." Redio ya spika moja inahitaji njia zote mbili, lakini kila moja ipitie rezista yake, kilo-omu 1 hivi, kabla hazijakutana. La sivyo zitasukumana.

Na mlio unaopanda na kushuka na mwendo wa injini hautibiwi kwa kulinganisha viwango. Tafuta tatizo kwenye waya za ardhi. Kama gari lako ni miongoni mwa yale ya zamani ya Uingereza ambayo bodi yake imeungwa na ncha chanya ya betri, usiunge kifaa chochote kipya kabla ya kuhakikisha ganda la soketi yake haligusi bodi.