Mche Mrefu wa Kivulini Unavyotudanganya

Dhana: Mche wenye afya ni ule mrefu, wenye majani mapana, uliolelewa kivulini.

Ukweli: Mche huo unahangaika kutafuta mwanga. Jua likiwa haba, hurefusha shina na kutanua majani, na mizizi ndiyo hupunjwa. Shika mche wa mtiki uliokulia chini ya mwembe: shina linalegea mkononi. Ukiupanda masika, jua kali la kwanza tu linauunguza majani. Mtiki ni mti wa jua. Mkangazi ukiwa mdogo huvumilia kivuli, kwa hiyo chanja moja, yaani paa moja la kivuli, kwa kitalu kizima haifai.

Mbegu zinapoanza kuota, sawa, zifunike kwa nyasi. Baadaye punguza nyasi kidogo kidogo, na wiki nne hadi sita kabla ya kupanda iache miche juani na upunguze maji. Hapo ndipo wengi tunashindwa, maana kumnyima mche maji kunauma. Mimi huruma hiyo ilinigharimu karibu viriba vyote (vifuko vya kuoteshea miche) vya msimu mmoja.

Wengine husema kivuli kinakinga magonjwa. Kivuli kizito pamoja na maji mengi ndiyo makao ya kinyaushi: unaamka asubuhi unakuta miche imelala, mashina yameoza usawa wa udongo.

Dhana: Udongo ukiwa mweusi una rutuba, jaza viriba.

Ukweli: Rangi pekee haitoshi. Udongo mweusi wa mbuga ni mfinyanzi. Ukilowa hewa haipiti, ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Mchanga mtupu nao haushiki maji, na siku ya kupanda ukichana kiriba unamwagika wote. Lowesha udongo kidogo, uuviringishe uwe kama kamba, kisha uikunje iwe pete. Pete isipokatika, mfinyanzi umezidi. Kamba isipotengenezeka kabisa, mchanga umezidi. Wengi huanza na ndoo 3 za udongo wa juu wa msituni, 2 za mchanga na 1 ya samadi iliyooza, kisha hurekebisha kwa kipimo hichohicho cha mkono.

Dhana: Mche wa mninga uliokauka shina umekufa, ng'oa.

Ukweli: Mninga ukiwa mdogo hukausha shina kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa chini. Fukua kidogo, ukwaruze gome la mzizi. Pakiwa pabichi, fukia urudi mvua zikinyesha.